Kuzuia ulevi na dawa za kulevya chuoni: mwongozo kwa walezi wa hosteli, wahadhiri na viongozi wa wanafunzi

Katika miaka niliyokuwa mlezi wa hosteli, upo usiku mmoja ambao haujanitoka moyoni. Kijana wa mwaka wa kwanza alirudishwa chumbani na wenzake akiwa hajitambui kwa pombe kali, nao wakamlaza chali kitandani, wakafunga mlango kwa ufunguo na kukaa naye hadi alfajiri pasipo kumwita mtu yeyote. Hawakuwa vijana wabaya wala wajinga. Waliogopa kwamba jina la mwenzao lingefika kwenye kamati ya nidhamu na masomo yake yangeishia hapo. Alipona, lakini alipona kwa bahati, kwa sababu alipotapika akiwa chali mmoja wao aliwahi kumgeuza. Tangu hapo, kila ninapoombwa ushauri kuhusu kuzuia ulevi na dawa za kulevya chuoni, huanza kwa kuuliza: jambo hilohilo likitokea leo usiku, je, wanafunzi wako watapiga simu au watafunga mlango?

Mwongozo huu unafuata swali hilo. Umeandikwa kwa kuzingatia hali ya vyuo vya Tanzania, ingawa msomaji wa Kenya au Uganda atakuta mengi yanayofanana na ya kwao. Kila hatua inayopendekezwa hapa imepimwa kwa kipimo kimoja, yaani kama inamrahisishia mwanafunzi kusema mapema au inamfundisha kuficha vizuri zaidi.

Ijue kwanza kalenda ya chuo chako

Ulevi wa wanafunzi hausambai sawasawa mwaka mzima, bali hufuata kalenda ambayo kila aliyepita chuoni anaijua ijapokuwa haijaandikwa popote. Hatari ya kwanza iko kwenye wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza. Kijana aliyetoka shule ya bweni, ambako kengele ndiyo iliyoamua saa ya kula, ya kusoma na ya kulala, anafika mahali ambapo hakuna anayemuuliza amelala wapi, na papo hapo anatafuta marafiki wapya huku akiogopa kuonekana mshamba. Hatari ya pili ni siku ambazo bumu linaingia. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo hufika kwa awamu na kwa wanafunzi wengi kwa wakati mmoja, hivyo baa na mageto yanayozunguka chuo hujaa usiku huohuo. Hatari ya tatu ni wiki za kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, ambapo wengine hutafuta mirungi au vidonge ili wakeshe, na ya nne ni jioni ya mtihani wa mwisho.

Kwa hiyo, kabla ya kuandaa kongamano lolote, chukua kalenda ya masomo na uitie alama kwenye siku hizo. Katika siku zenye alama, zahanati ya chuo iwe na mtumishi wa zamu usiku, mlezi wa hosteli asiwe safarini, gari la chuo liwe na dereva na mafuta, na jioni hiyo pawe na shughuli nyingine ya maana inayovutia watu, kama vile mechi ya fainali ya kati ya vitivo, onyesho la filamu au tamasha la vipaji lisilouza pombe. Nimeona ujumbe mfupi wa serikali ya wanafunzi, unaotumwa asubuhi ya siku ya bumu kuwakumbusha watu walipe kodi ya chumba na kununua chakula cha mwezi kabla ya jua kuchwa, ukisaidia kuliko hotuba ya saa mbili, kwa sababu fedha iliyokwisha kulipiwa kodi haiwezi tena kunywewa.

Uliza kabla ya kuhubiri

Kosa linalorudiwa na vyuo vingi ni kuanza na mkutano mkubwa wa vitisho. Mgeni rasmi hualikwa, picha za maini yaliyooza huonyeshwa, wanafunzi hupiga makofi, kisha jioni maisha huendelea kama kawaida. Vitisho vina kasoro kubwa: yule anayetumia tayari anajua kwamba yeye hafanani na picha ile, hivyo huondoka akiamini kwamba maneno hayakumhusu.

Anza badala yake na dodoso fupi lisilo na jina, lijazwe kwenye karatasi au kwenye simu, lenye maswali ya aina mbili. La kwanza limuulize mwanafunzi yeye mwenyewe alikunywa mara ngapi katika siku 30 zilizopita na kiasi gani. La pili limuulize anadhani wanafunzi wenzake wa chuo hicho hunywa mara ngapi na kiasi gani. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, H. Wesley Perkins na Alan Berkowitz, waliandika kwamba wanafunzi walidhani wenzao wanakubali ulevi kuliko ilivyokuwa kweli, na tafiti nyingi zilizofuata katika vyuo mbalimbali zimekuta jambo hilohilo. Kwetu pengo hilo huenda likawa pana, kwa kuwa takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba chini ya nusu ya watu wazima wa kanda ya Afrika ndio waliokunywa pombe ndani ya mwaka uliotangulia, ilhali mwanafunzi mgeni anayesikia muziki wa baa kila Ijumaa huamini kwamba asiyekunywa ni yeye peke yake.

Matokeo yakipatikana, yatangazwe jinsi yalivyo. Iwapo wanafunzi saba kati ya kumi wa chuo chako hawakugusa pombe mwezi huo, namba hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo, isemwe na wawakilishi wa madarasa, itumwe kwenye makundi ya simu. Iwapo namba ni mbaya, usiipambe, kwa sababu wanafunzi wataigundua na kuanzia hapo hawataamini lolote litokalo ofisini kwako. Namba mbaya nayo ina kazi yake, kwani ndiyo utakayoipeleka kwa uongozi wa chuo unapoomba fedha za kumwajiri mnasihi wa pili.

Maarifa ambayo mwanafunzi hana budi kuwa nayo

Elimu iwe ya vipimo na matokeo, isiwe ya lawama. Wanafunzi wengi hawajui kwamba chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi, na kwamba ini la mtu mzima huondoa wastani wa gramu saba hadi kumi kwa saa, jambo ambalo kahawa, maji baridi, supu ya pweza au usingizi haviwezi kulibadilisha. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina gramu 55 hivi, yaani inakaribia bia tatu ndani ya kitu kinachoenea mfukoni. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku pombe kali ya kwenye mifuko ya plastiki, maarufu kama viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, pombe kali haikwisha madukani, bali chupa ndogo zilishika nafasi. Mwanafunzi anayekunywa chupa mbili kama hizo ndani ya saa moja anapaswa kujua kwamba kiwango cha pombe katika damu yake kitaendelea kupanda hata baada ya kuweka chupa chini, na hiyo ndiyo sababu mtu "aliyelala tu" anaweza kuzidiwa akiwa usingizini.

Gongo lina hatari ya ziada, kwa kuwa mnunuzi hana njia ya kujua kama limechanganywa na methanoli. Sumu hiyo haionyeshi dalili kubwa mapema. Mara nyingi ni baada ya saa 12 hadi 24 ndipo mtu huanza kuona ukungu, kuumwa tumbo na kupumua kwa kasi, na akichelewa huweza kupofuka au kufa. Mwezi Mei 2014, pombe ya namna hiyo iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya. Mtu yeyote anayeona ukungu siku ya pili baada ya kunywa apelekwe hospitali moja kwa moja, wala asiambiwe kwamba hizo ni hangova.

Bangi huzungumzwa chuoni kama kitu cha asili kisicho na madhara, na anayetaka kusikilizwa asijibu kwa kutia chumvi. Aseme lililo kweli: kwamba umri wa miaka 18 hadi 25 ndio ambao maradhi ya akili yenye kusikia sauti na kushuku watu huanza kujitokeza kwa wengi wanaoyapata, kwamba bangi kali inayovutwa mara kwa mara huongeza uwezekano huo, na kwamba mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua anajiweka hatarini kuliko wengine. Familia nyingi zikiona dalili hizo husema kijana amerogwa, na miezi ya thamani hupotelea kwa waganga wakati tiba ya hospitali ingalianza mapema na kumrejesha darasani. Kuhusu biskuti na keki zenye bangi, mwanafunzi aelezwe kwamba kilicholiwa huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza kufanya kazi, na kwamba wengi hupatwa na hofu kali kwa sababu walipoona kimya waliongeza kipande cha pili.

Mirungi inahitaji ufafanuzi wa kisheria pia. Nchini Kenya ni zao halali la biashara, lakini nchini Tanzania ni dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Mwanafunzi aliyevuka mpaka wa Namanga kuja kusoma Arusha anaweza kujikuta mahakamani kwa kitu ambacho nyumbani kwao huuzwa kando ya barabara, na ni wajibu wa chuo kumwambia hivyo katika wiki yake ya kwanza. Kwa wale wanaoitumia ili wakeshe wakisoma, hoja yenye nguvu ni ya usingizi wenyewe: ubongo huimarisha mambo tuliyojifunza wakati tumelala, hivyo anayekesha siku tatu mfululizo huingia chumba cha mtihani akiwa amesoma mengi na kukumbuka machache.

Kilichobaki ni mchanganyiko, na hapa nasisitiza kuliko mahali pengine. Tramado (dawa kali ya maumivu), vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, na heroini, kila kimoja kwa namna yake, hupunguza kasi ya upumuaji. Pombe nayo hupunguza. Mtu aliyevumilia kila kimoja peke yake huenda asivumilie viwili pamoja. Tramado pekee, ikizidi, huweza pia kuleta degedege. Vinywaji vya kuongeza nguvu vikichanganywa na pombe kali havipunguzi ulevi wa mtu, ila humfanya asijione amelewa, naye huendelea kunywa.

Usiku wa dharura

Kila mwanafunzi anayelala chuoni au kwenye mageto ya jirani afundishwe mambo yafuatayo kwa vitendo, kwa zamu za watu wasiozidi 20, sakafuni, kila mmoja akimgeuza mwenzake kwa mikono yake mwenyewe. Karatasi ya maelekezo ukutani haitoshi, kwa kuwa saa nane za usiku hakuna anayesoma karatasi.

Kwanza, mwite mgonjwa kwa jina lake na umfinye begani kwa nguvu. Asipofungua macho wala kujibu, hajalala, amezimia. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitazama kifua. Zikiwa chini ya nane kwa dakika, au ukiona kimya cha sekunde kumi kati ya pumzi moja na nyingine, hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Dalili nyingine ni ngozi iliyopoa na kulowa, midomo na kucha zilizobadilika kuwa za kijivu au buluu, degedege, na kutapika pasipo kuamka. Mboni za macho zilizosinyaa kama tundu la sindano pamoja na pumzi chache huashiria heroini au dawa za jamii yake, na hospitali ina dawa iitwayo naloksoni ambayo huweza kurudisha pumzi ndani ya dakika chache, ila tu mgonjwa afike angali hai.

Anayepumua alazwe ubavu. Goti la mguu wa juu likunjwe mbele ili asibiringike, mkono wa juu uwekwe chini ya shavu, kichwa kirudishwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje badala ya kurudi kooni. Asiachwe peke yake hata kwa dakika tano. Asinyweshwe maji, maziwa, kahawa wala maji ya limau, kwa kuwa aliyepoteza fahamu humezea kwenye mapafu. Asitapishwe kwa kidole. Asimwagiwe maji baridi wala kutembezwa uwanjani. Asiyepumua kabisa aanze kukandamizwa kifua mara moja huku mwingine akitafuta gari. Asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, jambo ambalo nimeliona likifanywa kwa nia njema, kwani shingo inayoning'inia huziba njia ya hewa. Ichukuliwe teksi, bajaji au gari lolote ambamo anaweza kulala ubavu akiwa ameshikwa. Pakiti, chupa au kidonge kilichokutwa kibebwe kwenda hospitali, na daktari aambiwe ukweli wote: nini, kiasi gani, saa ngapi.

Namba ya simu ya mtumishi wa zamu na ya dereva ziwe kwenye simu ya kila mwanafunzi tangu siku ya usajili. Ziwe namba ambazo mtu hupokea. Mlezi anayetaka kuaminiwa azipigie mwenyewe usiku wa manane mara moja kwa mwezi ahakikishe.

Msamaha kwa anayeomba msaada

Mafunzo hayo yote hayatafaa kitu iwapo kanuni za nidhamu zinamwadhibu anayepiga simu. Mwaka 2002, Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kilianzisha utaratibu kwamba mwanafunzi anayeomba msaada wa tiba kwa ajili ya ulevi, wake au wa mwenzake, hatashtakiwa kwa ulevi huo mbele ya nidhamu ya chuo. Miaka iliyofuata wito wa dharura uliongezeka, na sehemu ya waliofika kwa mnasihi baada ya tukio iliongezeka zaidi ya maradufu. Baadhi ya wenzangu husema utaratibu kama huo ni kuwabembeleza walevi. Nawajibu kwamba mwanafunzi aliyekufa hawezi kuadhibiwa wala kufundishwa, na kwamba msamaha huu haumwondolei mtu wajibu, bali unabadilisha adhabu kuwa sharti la kuonana na mnasihi.

Kanuni iandikwe kwa Kiswahili chepesi, isizidi nusu ukurasa, ipitishwe na mamlaka ya chuo yenye uwezo huo, na isomwe kwa sauti katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya. Iseme bayana inachofunika na isichofunika. Inamfunika mgonjwa, aliyempeleka na shahidi aliyebaki kusaidia. Haimfuniki anayeuza, anayemtilia mwenzake kitu kwenye kinywaji, wala anayemwingilia mtu asiyejitambua, kwa sababu aliyelewa kiasi cha kutojimudu hana uwezo wa kuridhia na tendo hilo ni jinai. Chuo pia hakiwezi kuahidi msamaha wa sheria za nchi, na kiseme hivyo waziwazi. Kuhusu wauzaji, taarifa zinaweza kutolewa kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa simu ya bure 119. Nchini Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupatikana kwa 1192. Lakini usiwageuze wanafunzi wa chumba kimoja kuwa wapelelezi dhidi ya wenzao wanaotumia. Siku wakijua kwamba kila neno linapelekwa ofisini, utabaki na chuo kilicho kimya, nawe utadhani kimya hicho ni mafanikio.

Kuzungumza na mwenzako mapema

Dalili za mwanzo huonwa na watu wa karibu, na mara nyingi si wahadhiri. Wafanya usafi huona chupa kwenye ndoo za taka, walinzi huona nani anarudi saa kumi usiku, wapishi wa kantini huona nani ameacha kula, na viongozi wa jumuiya za dini huona nani ameacha kuja. Watu hawa wajumuishwe kwenye mafunzo, waheshimiwe, na waonyeshwe pa kupeleka wasiwasi wao bila kumchafua mtu jina. Jumuiya za dini hasa zifundishwe kutomtaja mtu madhabahuni wala kumtenga, kwani aliyeaibishwa huhamia kijiweni moja kwa moja.

Mazungumzo yenyewe yafanyike mtu akiwa hajalewa, mahali pa faragha, kwa sauti ya kawaida. Taja ulichokiona, usitaje tabia yake. Badala ya kusema "umekuwa mlevi siku hizi", sema: "Ndugu yangu, wiki hii hukuingia kwenye vipindi vitatu, na juzi uliniomba nauli ilhali bumu limeingia siku nne tu. Nimepata wasiwasi. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Ukimya huo huwa mzito, na wengi wetu huuvunja kwa mawaidha kabla mwenzetu hajapata nafasi ya kusema. Akikasirika, usigombane naye. Mwambie utakuja tena, na uje kweli. Akikubali, usimpe karatasi yenye anwani. Fuatana naye hadi mlango wa mnasihi, kaa kwenye benchi, msubiri.

Mnasihi kwa upande wake anayo zana rahisi. Dodoso la AUDIT lililoandaliwa na Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 na alama kutoka 0 hadi 40; anayefikisha 8 ana unywaji wa hatari unaostahili mazungumzo. Timu ya Alan Marlatt katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ilionyesha kwamba hata mikutano miwili ya ana kwa ana, ambamo mwanafunzi huonyeshwa hesabu zake mwenyewe za vinywaji, fedha na vipindi alivyokosa, na kuachiwa aseme mwenyewe anataka nini, hupunguza madhara kwa wanafunzi wanywaji wakubwa. Chuo chenye mnasihi mmoja tu kinaweza kuanza na hilo wiki ijayo.

Mitaa inayozunguka chuo

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa mamlaka ya chuo huishia getini. Hata hivyo, leseni za vileo hutolewa na halmashauri, na barua ya pamoja ya uongozi wa chuo na serikali ya wanafunzi kwa ofisi ya mtaa, inayotaja baa inayowauzia watoto au kupiga muziki hadi alfajiri, ina uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Ndani ya geti chuo kina uhuru kamili wa kukataa udhamini wa kampuni za pombe katika bonanza na mashindano ya urembo, na nashauri kikatae, ijapokuwa fedha hizo huuma kuziacha. Maktaba iliyo wazi hadi saa sita usiku na uwanja wenye taa nao ni kinga, kwani jioni ndefu isiyo na mahali pa kwenda ndiyo inayowapeleka wengi kijiweni.

Tiba na kurudi darasani

Yupo mwanafunzi ambaye mazungumzo hayatamtosha, na kwake makosa ya nia njema huweza kuua. Anayekunywa sana kila siku asifungiwe chumbani ili "aache", kwa sababu kukatisha pombe ghafla huweza kuleta degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne kuchanganyikiwa kukali kunakohatarisha maisha. Aache chini ya uangalizi wa daktari. Arosto ya heroini, yaani maumivu yanayompata mraibu anapoikosa, ni mateso makubwa ingawa mara chache huua yenyewe, lakini anayerudia baada ya wiki kadhaa za kuacha, kwa kipimo chake cha zamani, yumo katika hatari kubwa ya kuzidiwa, kwa kuwa mwili umeshapoteza uzoefu. Ndugu na marafiki waelezwe hilo kabla hajatoka hospitali.

Kwa waraibu wa heroini, Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa ya tiba inayochukua nafasi ya heroini, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, na huduma hiyo baadaye ilifika hospitali nyingine za Dar es Salaam na mikoa kadhaa. Kwa kawaida dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hivyo mwanafunzi anahitaji ratiba ya vipindi inayomruhusu kupita kliniki asubuhi, na mratibu wa masomo anaweza kuipanga bila kumweleza mhadhiri yeyote sababu. Iwapo familia itachagua nyumba ya upataji nafuu, mlezi aitembelee kwanza aone kama imesajiliwa, kama kuna mtaalamu wa afya, na kama wanaoishi humo hawapigwi wala kufungwa minyororo.

Anayehitaji miezi ya tiba asaidiwe kuandika barua ya kuahirisha masomo kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu aliyetoweka tu bila barua huhesabiwa kuwa ameacha chuo, na mkopo wake huingia matatani. Barua iseme "sababu za kiafya" na ikomee hapo. Siku atakaporudi, apewe chumba mbali na wenzake wa zamani wa kunywa naye, akutane na mnasihi kila wiki katika muhula wa kwanza, na awepo mtu mmoja, mlezi au mwanafunzi aliyemchagua mwenyewe, anayejua kwamba siku ya bumu ampigie simu kabla ya magharibi.

Mwisho wa mwaka, dodoso lile la mwanzo lirudiwe kwa maneno yaleyale, na kando yake zihesabiwe simu zilizopigwa usiku na watu waliofika kwa mnasihi kwa hiari yao. Katika mwaka wa kwanza hesabu za simu huenda zikapanda sana, na wajumbe wa baraza la chuo wakashtuka. Waelezwe mapema, kwenye kikao cha kuidhinisha mpango, kwamba ongezeko hilo lilikuwa linatarajiwa, na kwamba kila simu ni mlango mmoja ambao safari hii haukufungwa kwa ufunguo.